Mbuzi Hana Matawi

Moshi ni mji wa matawi. Benki zina matawi, vituo vya mafuta vina matawi, makanisa na vyuo vivyo hivyo. Nyama choma haina. Kuanzia Kiborloni hadi Pasua, Himo hadi Bomang'ombe, kila jiko lina mwenyewe, na wateja hulitaja kwa jina la mwenyewe: kwa Mangi, kwa Mama Manka, kwa yule kijana anayechomea pale karibu na bucha. Mwenyewe akihamia Dar es Salaam au akifariki, jiko huyumba, na mara nyingi huzimika kabisa.

Jambo hili linashangaza kidogo ukizingatia ni watu gani tunaowazungumzia. Wachaga wanasifiwa nchi nzima kwa biashara, na wanataniwa kwa hiyo hiyo biashara. Chama chao cha wakulima wa kahawa kilianza mwaka 1925, wakati sehemu kubwa ya Tanganyika haijasikia habari za ushirika. Duka la Mangi, kama anavyotaniwa Mchaga mwenye duka, limefika hadi vijiji ambavyo basi hufika kwa kubahatisha. Iweje basi, baada ya karne nzima ya kuuza nyama kwa mizani, mbuzi wa Moshi hajapata jina moja kubwa lenye majiko yanayofanana mji hadi mji, kama kuku wa kukaanga alivyopata?

Wengi hujibu haraka kwamba ni ukosefu wa mitaji. Mimi sikubaliani nao. Sababu ziko katika mnyama mwenyewe, katika namna jiko la nyama choma linavyomilikiwa, na katika historia ya mlima inayoanza kabla ya mizani yenyewe kufika.

Kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la familia, nyama ilikuwa haiuzwi. Ng'ombe wa Mchaga hakuchungwa. Alifungwa ndani au bandani, akalishwa majani na vigogo vya migomba, pamoja na nyasi ambazo akina mama walizibeba kichwani kutoka tambarare, na samadi yake ikarudi kwenye migomba ile ile. Mbuzi naye alinoneshwa hivyo hivyo, taratibu, kwa siku yake maalumu. Siku hiyo ikifika, ukoo ulikutana, mnyama akachinjwa, na kila kipande kikaenda kwa mtu wake. Mzee mkuu alikuwa na sehemu yake, mjomba na yake, wanawake na zao, hata vijana walioshika miguu ya mnyama hawakutoka mikono mitupu. Mmisionari wa Kilutheri Bruno Gutmann, aliyeishi mlimani kwa miongo kadhaa tangu mwaka 1902, aliandika kwa kirefu juu ya sheria na mila za Wachaga. Miongo kadhaa baadaye, mwanaanthropolojia Sally Falk Moore alikuta kwamba machinjo ya ukoo bado ndiyo mahali ambapo unaweza kusoma nani ni nani katika familia. Kunyimwa fungu lako kulikuwa tusi la hadharani, na ugomvi wa nyama uliweza kuzaa kesi.

Nyama hiyo haikuchomwa yote. Mlima una supu zake. Kuna mtori, ndizi zilizopikwa na nyama zikapondwa, chakula cha mama aliyejifungua ambacho leo kinauzwa asubuhi kwenye vituo vya mabasi nchi nzima. Kuna kisusio, chenye damu na nyama za ndani, ambacho wageni hukisogelea kwa mashaka na kuondoka wakiomba bakuli la pili. Kando ya vyote hivyo ilikuwapo mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ambayo bila hiyo kikao cha ukoo kilikuwa hakijafunguliwa. Kuchoma kulikuwa kwa sherehe, na kilele chake ni ndafu: mbuzi mzima, aliyebanikwa taratibu akiwa na kichwa chake, anayeingizwa ukumbini na majani mdomoni huku watu wakicheza. Siku hizi hakuna harusi ya Kichaga inayojiheshimu, iwe Moshi, Mwanza au Minnesota, itakayokosa ndafu mbele ya maharusi.

Chini tambarare, Wamasai walikuwa na utaratibu mwingine. Wanaume walikwenda porini, mbali na boma na wanawake, wakachinja, wakala nyama kwa siku kadhaa hadi mnyama akaisha. Utaratibu huo wanauita orpul. Mapaja na mbavu vilichomekwa vijiti vikapangwa kuuzunguka moto, bila viungo wala haraka, na supu ikachemshwa na magome ya miti ya dawa. Anayejua nyama choma ya leo atatambua mara moja kwamba yale mapaja makubwa yanayoiva wavuni bila kukatwakatwa yana ujamaa wa karibu zaidi na moto wa Wamasai kuliko na chungu cha Kichaga. Watu wa mlimani na wa tambarare hawakuwa mbali hivyo. Walipigana, ndiyo, lakini katika masoko ya chini ya mlima ndizi zilibadilishwa kwa vitu vya wafugaji, na tauni ya ng'ombe ilipofagia mifugo ya Wamasai mwanzoni mwa miaka ya 1890, wapo waliokimbilia mlimani kutafuta chakula.

Mkono wa tatu ulitoka pwani. Johannes Rebmann alipouona mlima mwaka 1848 alikuwa akipita katika njia ambayo wafanyabiashara wa Mombasa na Pangani walikwisha kuizoea, wakifuata pembe na kununua vyakula Taveta na kwa mamangi, watawala wa mlimani. Watu wa pwani walikuja na mishkaki, pilipili na ndimu, na pia na desturi ya kuchinja kwa kisu cha Mwislamu ili kila mtu ale. Desturi hiyo imedumu katika machinjio mengi ya miji yetu hadi leo, hata katika mkoa wenye Wakristo wengi kama Kilimanjaro.

Kwa hiyo kabla Mjerumani hajajenga kituo cha reli, vitu vyote vya nyama choma vilikuwapo: mnyama aliyenoneshwa, moto wa Wamasai, kiungo cha pwani na kinywaji cha kuteremshia. Kilichokosekana ni mnunuzi asiye ndugu.

Reli ya kutoka Tanga ilifika mwaka 1911, na mji mpya ukaota chini ya mlima, mbali na Old Moshi ambako Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Wakaja makarani, mafundi wa reli, wenye maduka wa Kihindi, vibarua wa mashamba ya mkonge na kahawa. Watu hawa hawakuwa na ukoo hapo wa kuwagawia fungu. Walihitaji bucha. Na kahawa ikaleta fedha mlimani kwenyewe. Chama kile cha 1925, KNPA, kilichoongozwa na Joseph Merinyo, kilifuatiwa na KNCU mwaka 1933, na kuanzia hapo msimu wa malipo ya kahawa ukawa pia msimu wa nyama. Mabucha yakasogea hadi kwenye masoko ya vijijini, na vilabu vya pombe vikakaa jirani nayo.

Mizani ndiyo iliyofanya mapinduzi, ingawa hakuna aliyeijengea sanamu. Mbele ya mizani, kidari hakina mwenyewe. Kijana asiye na mke, ambaye kihambani angepewa fungu la mtoto, aliweza kuuza magunia yake mawili ya kahawa, akaenda bucha na kununua ratili tatu za sehemu aliyokuwa akiiona tu ikipita kwenda kwa wazee. Unaweza kuelewa kwa nini wazee hawakuipenda bucha. Lakini kitu kimoja cha kihambani hakikufa: mnunuzi aliendelea kutaka kumwona mnyama. Alitaka mguu uliotundikwa, aushike, aonyeshe kwa kidole wapi pakatwe. Shauku hiyo ya kuona ndiyo inayoisumbua kampuni yoyote yenye matawi.

Hapa inafaa kuvuka bahari, maana Moshi si mji pekee ambao bucha ilizaa jiko. Katika mji mdogo wa Lockhart, Texas, Charlie Kreuz, mtu wa asili ya Kijerumani, alinunua bucha mwaka 1900. Wauza nyama wa huko, wenye asili ya Ujerumani na nchi jirani zake, walikuwa wakichoma kwa moshi vipande ambavyo havikununulika kabla havijaharibika, wakawauzia vibarua wa mashamba ya pamba juu ya karatasi ya bucha, kwa uzito. Hakukuwa na sahani wala uma. Biashara ile imebaki mikononi mwa watu wachache hadi leo. Mwaka 1999, baada ya ndugu kutoelewana, kaka alihamisha jina la Kreuz hadi jengo jipya na kuburuta makaa ya moto kutoka jiko la zamani, dada akabaki na jengo akalifungulia jina lingine. Wateja wakagawanyika kama wanavyogawanyika waumini. Wakati huo huo, katika jimbo hilo hilo, mgahawa wa Dickey's, ulioanza Dallas mwaka 1941, ulikuwa umeanza mwaka 1994 kuuza haki ya kutumia jina lake, na leo una mamia ya matawi. Ukiwauliza Wamarekani wapi nyama ni tamu zaidi, wengi watakutajia jiko la mtu mmoja. Ukiwauliza walikula wapi Jumanne iliyopita, mara nyingi watataja tawi, kwa sababu tawi liko njiani na halina foleni.

Marekani, basi, ilipata vyote viwili. Kwetu njia ilikwenda upande mwingine, kwa sababu aliyejaribu kuwa mkubwa wa nyama wa kwanza alikuwa serikali.

Tanganyika Packers ilianzishwa mwaka 1947 na serikali ya kikoloni pamoja na kampuni ya Liebig, ikajenga kiwanda Kawe, Dar es Salaam. Ng'ombe wa bara waligeuzwa nyama ya makopo kwa ajili ya soko la Uingereza. Ilikuwa nyama ya kampuni kweli kweli, kila kopo sawa na jingine, na mtu wa kawaida hakuipenda hata kidogo. Ulipokuja uhuru na Azimio la Arusha la 1967, viwanda vikaingia mikononi mwa umma. Mwaka 1976 ukawa mgumu kwa mlima: vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, KNCU ikiwamo, na mwaka huo huo Operesheni Maduka ikawafungia watu binafsi maduka yao vijijini ili maduka ya ushirika yashike nafasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya kujuana, na bia ikinunuliwa kwa mlango wa nyuma. Katika hali hiyo hakuna ambaye angethubutu kujenga majiko ishirini na kuyabandika jina lake. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, kuwa na mali nyingi kwa pamoja kulikuwa kosa la kuelezea polisi. Aliyekuwa na akili alibaki mdogo.

Nadhani somo hilo liliingia damuni. Ilipofika enzi ya ruksa ya Rais Mwinyi baada ya 1985, na hasa baada ya Azimio la Zanzibar la 1991 kuwalegezea viongozi masharti ya kufanya biashara, nyama choma ililipuka, lakini ililipuka vipande vipande. Mtumishi wa umma ambaye mshahara haukutosha alijenga baa uani kwake. Mke wake akaweka friji. Kijana wa jirani akapewa kona na wavu. Tanganyika Packers ikafa katika miaka hiyo ya 1990, uwanja wake ukabaki wa mikutano ya hadhara na ya Injili, na kazi ya kulisha miji nyama ikabaki kwa watu ambao kitega uchumi chao kikubwa kilikuwa pipa lililopasuliwa katikati.

Sasa tuingie jikoni, kwa sababu hapa ndipo wachambuzi wengi wa biashara hawafiki.

Mgeni akikaa kwenye baa ya nyama choma Moshi anaona biashara moja. Kwa kawaida ziko mbili, mara nyingi tatu. Mwenye baa anauza vinywaji, na kiwanja na viti ni vyake. Jiko amelikodisha kwa mtu mwingine anayelipa kodi ya siku au ya mwezi. Bucha iliyo langoni yaweza kuwa ya huyo mwenye jiko au ya mtu wa tatu anayenunua mbuzi mnadani, kwa wafugaji wa huku tambarare. Ndizi za kuchoma zinaletwa na mama mwenye beseni lake, na kachumbari yaweza kuwa ya mwanawe. Ndiyo maana unalipa bili mbili, ya nyama na ya bia, na ndiyo maana mhudumu wa vinywaji hukunja uso ukimuuliza mbuzi wako amefikia wapi. Si mbuzi wake.

Utaratibu huu una akili kuliko unavyoonekana. Kila mmoja anabeba hasara ndogo anayoimudu. Siku mvua za masika zikinyesha na watu wasitoke, mwenye bucha anakaa na nyama ya mbuzi mmoja, sio ya mia. Mwenye jiko akiwa mbovu anaondolewa bila baa kufungwa. Na mchomaji hodari, yule anayejua kugeuza paja kwa kuangalia rangi ya mafuta yanavyodondoka, anahama na wateja wake kutoka baa hadi baa. Kampuni inayotaka kununua biashara hii itanunua nini hasa? Ikimnunua mwenye baa imepata viti. Ikimpata mchomaji imepata mikono ya mtu mmoja. Mteja anamfuata mchomaji, mchomaji anafuata bucha nzuri, na bucha nzuri inategemea mtu mmoja anayejua kuchagua mbuzi mnadani kwa kumpapasa mgongo.

Kisha yupo mbuzi mwenyewe. Mbuzi wetu wa asili ni mdogo, na hakuna wawili wanaofanana. Mmoja amekula majani ya kiangazi, mwingine ametembea siku tatu, wa tatu alikuwa amefungwa kihambani akila maganda ya ndizi. Moto ule ule utamkausha wa kwanza na kumwivisha wa tatu vizuri ajabu. Kuku wa kisasa, kinyume chake, anakamilika kwa wiki tano au sita, uzito wake unajulikana kabla hajaanguliwa, na paja lake la Mbeya halitofautiani na la Tanga. Mtu anaweza kuandika kitabu cha maelekezo cha kumpika, akakikabidhi kwa kijana aliyeajiriwa jana. Kwa mbuzi hakuna kitabu.

Ndiyo maana, Afrika Mashariki, matawi yalikuja na kuku. Kenchic ilianza Kenya mwaka 1984 na migahawa yake ya kuku na chipsi ikaenea mijini. KFC iliingia Nairobi mwaka 2011, na Dar es Salaam ikafuata si muda mrefu baadaye. Mtu asidharau faida zake. Unajua bei kabla hujakaa, unajua utahudumiwa baada ya dakika ngapi, choo ni kisafi, na mtoto wako hatakula akiwa amezungukwa na walevi. Haya si mambo madogo, hasa kwa mwanamke anayesafiri peke yake. Lakini angalia pia gharama ya kufanana. Januari 2022 KFC ya Kenya iliishiwa chipsi katika nchi iliyojaa viazi, kwa sababu viazi vyake viliagizwa nje na meli ilichelewa. Wakulima waliuliza, kwa hasira ya haki, kasoro ya viazi vyao ni nini. Jibu lilikuwa kwamba havijapitishwa kwenye orodha ya kampuni. Mama wa beseni la ndizi pale Kiborloni hana orodha. Ndizi zikipungua Rombo, ananunua za Kibosho.

Kuku naye hana uhuru anaoonekana kuwa nao. Tanzania ilipiga marufuku vifaranga kutoka nje tangu enzi za hofu ya mafua ya ndege, na mwaka 2017 serikali ilichoma moto vifaranga 6,400 vilivyokamatwa Namanga vikitoka Kenya. Wiki chache kabla ya hapo, ng'ombe 1,325 wa Wamasai wa Kenya walikuwa wamepigwa mnada baada ya kukamatwa wilayani Mwanga, katika mkoa huu huu wa Kilimanjaro. Tukio lile liliwaumiza wafugaji ambao babu zao hawakuujua mpaka. Lilionyesha pia kwamba nyama yetu bado inatembea kwa miguu, na mtu anayetaka kujenga mtandao wa majiko lazima kwanza ajue mnyama anapita wapi na nani anaweza kumzuia.

Mtu ataniuliza kuhusu Carnivore. Ni haki. Mgahawa huo wa Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980, ndio jina la nyama choma linalojulikana zaidi na watalii, na kwa miaka mingi uliuza hata nyamapori hadi Kenya ilipozuia. Nyama inaletwa mezani kwenye mapanga, ikikatwa mbele yako hadi ushushe bendera kukiri umeshindwa. Ni mahali pa kufurahisha. Lakini hata Carnivore, yenye jina, fedha na kundi la migahawa nyuma yake, ilipata mwenzake Johannesburg na haikuota kila mji. Umaarufu wake ni wa mahali pamoja, na ukiiangalia vizuri ni jiko la mwenyewe lililokuwa kubwa sana.

Hivyo ningeweza kumalizia kwa kusema kwamba mdogo ameshinda. Bahati mbaya historia ya Moshi hairuhusu furaha hiyo kamili, kwa sababu wakati sote tunaangalia wavu, kampuni ilipita kwenye friji.

Tazama baa yoyote ya mlimani. Ukuta umepakwa rangi za bia. Viti ni vya bia, miavuli ni ya bia, friji ni ya bia na imeandikwa kabisa kwamba isiwekwe kinywaji kingine. Mwaka 1993 serikali iliiuzia kampuni ya Afrika Kusini, SAB, nusu ya Tanzania Breweries, na mwaka 1996 ikatoka bia yenye jina la mlima wenyewe. Wakenya nao wakajibu kwa kujenga Moshi kiwanda cha Kibo Breweries, huku SAB ikijenga chake Thika. Vita ile ya bia iliwanufaisha wanywaji kwa miaka michache, mabango yakazidi miti. Kisha mwaka 2002 wakubwa wakakaa mezani: SAB ikafunga Thika, Wakenya wakafunga Moshi, kila mmoja akapewa hisa kwa mwenzake. Watu wa Moshi waliolala na kiwanda waliamka bila kiwanda. Baadaye Serengeti Breweries ilikuja kutengeneza bia Moshi, na mwaka 2010 hao hao East African Breweries wa Kenya wakanunua zaidi ya nusu ya Serengeti. Kwa hiyo mwenye baa pale Majengo anayejigamba kwamba hana bosi, anauza bidhaa ambayo bei yake, rangi ya ukuta wake na hata aina ya kiti anachokalia mteja wake vimeamuliwa mbali.

Makampuni hayo yalielewa nyama choma kuliko wanasiasa. Miaka ya mwanzo ya 2010 Safari Lager iliendesha mashindano ya nyama choma katika miji kadhaa, Moshi ikiwamo, baa zikishindana kwa usafi wa jiko, ulaini wa nyama na namna ya kuihudumia. Hawakutaka kuuza mbuzi hata mmoja. Walijua kwamba nusu kilo ya mbuzi inayochelewa dakika arobaini ni bia mbili, na kwamba polepole ya jiko ni faida ya friji. Tawi la kuku linafukuza mteja kwenye kiti ili mwingine akae. Baa ya nyama inataka asiondoke.

Na uenezi ambao kampuni haikuufanya, ukoo uliufanya. Nenda Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Tunduma: mara nyingi utakuta baa ambayo mwenyewe katoka Marangu au Machame, mtori asubuhi, mbuzi jioni, ndafu kwa oda. Hawana nembo moja wala makao makuu. Mmoja alianza kwa kumwosha vyombo mjomba, akafungua yake, akamleta binamu. Binamu naye akafungua yake mtaa wa pili, bila kumwomba mtu ruhusa wala kumlipa mtu ada ya jina. Desemba wote hupanda mlimani, kwenda kuhesabiwa, kama wanavyotaniwa, na huko nyama hurudi kugawanywa kwa mafungu ya ukoo. Mtu yule yule anayeuza kidari kwa kilo miezi kumi na moja, mwezi wa kumi na mbili hukipeleka kwa mzee bila kukipima.

Sitaki kumpamba mdogo kupita kiasi. Mizani ya bucha nyingine ina tabia zake. Moshi wa mkaa unaingia kwenye mapafu ya mchomaji kwa miaka, hana bima wala mkataba, na mkaa huo unakata miti ya tambarare kwa sababu msitu wa mlima uko chini ya hifadhi ya taifa. Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006 ilitoa taratibu za machinjio na mabucha, lakini mbuzi aliyechinjwa nyuma ya nyumba bado anaweza kufika wavuni bila daktari wa mifugo kumwona. Wauzaji wa kitimoto, ambayo mlimani ina wapenzi wengi kuliko wanaokiri, hupata hasara ya ghafla kila homa ya nguruwe ya Afrika inapoingia mkoani na usafirishaji kuzuiwa, na hakuna makao makuu ya kuwafidia. Kampuni yenye matawi ingekuwa na friji, rekodi na mtu wa kushtakiwa. Jiko la mtu mmoja lina aibu yake tu, ingawa katika mji mdogo aibu ni mdhamini mkali.

Hukumu yangu ni kwamba kwa kuku wa haraka, safarini na watoto, tawi linashinda na litaendelea kushinda. Kwa mbuzi, bado sijaona kampuni inayomkaribia mchomaji wa Moshi mwenye bucha yake mwenyewe. Halmashauri ikitaka kuwasaidia watu hawa isiwabomolee vibanda kwa jina la usafi. Iwajengee machinjio safi ya mbuzi, maji ya bomba kando ya majiko na mizani iliyokaguliwa. Nawe msomaji, ukifika Moshi, fika kabla ya saa kumi na moja jioni, miguu mizuri ikiwa bado imetundikwa. Tafuta muhuri wa mkaguzi, chagua nyama yako mwenyewe, simama mizani isome mbele yako, kisha mlipe mchomaji mkononi, maana hayumo kwenye bili ya bia.